Siri ya sumaku iliyomo katika vyuma vikuukuu vya Eastlands

KATIKA barabara za Kamukunji na Gikomba si ajabu kumwona kijana akiburuta sumaku ya spika iliyofungwa kwa kamba. Vumbi hubaki chini, misumari na skrubu hunata, na jioni vyote hupelekwa kwenye mizani. Hayo ni matumizi ya kale ya sumaku: kukivuta kilichopotea.

Ila ndani ya magunia yanayofika kwenye mizani hiyo, na hata zaidi katika karakana za Kariobangi Light Industries, huwamo diski kuu za kompyuta zilizochakaa. Humo mna sumaku ya namna nyingine kabisa. Ni nyembamba kuliko chochote kinachoweza kuonekana kwa macho, na kazi yake si kuvuta bali kukumbuka. Kifaa kinachoisoma kilitokana na ugunduzi uliowapa wanasayansi wawili wa Ulaya Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2007. Eastlands huuzwa kwa kilo, pamoja na alumini iliyokifunika.

Anayeuza hupata hela za kununua unga, na hakuna sababu ya kumcheka. Hasara iko kwingine, nayo ni mara mbili. Kwanza, diski hiyo aghalabu bado imebeba siri za mtu ambaye hajui kwamba zimeuzwa. Pili, madini yaliyomo, ambayo mataifa makubwa yanayavutania, huishia ndani ya tanuri au chini ya taka. Ili kuelewa hasara zote mbili, ni lazima kwanza kujua kifaa hicho hufanya nini.

Stima inayowasha taa Umoja au Kayole ni mwendo wa elektroni, zile chembe ndogo mno zilizomo katika kila atomu. Kila elektroni hubeba chaji ya umeme, na kwa miongo mingi wahandisi waliitazama chaji hiyo peke yake: ipo au haipo, inapita au imezuiwa. Redio, runinga na kompyuta za kwanza zilijengwa juu ya hesabu hiyo.

Lakini elektroni ina sifa ya pili, inayoitwa spini. Kutokana na sifa hiyo, kila elektroni ni kama sindano ndogo ya dira ambayo, ikipimwa, huelekea upande mmoja kati ya pande mbili tu, juu au chini. Jina hilo lilitokana na fikira ya George Uhlenbeck na Samuel Goudsmit, vijana wawili wa Chuo Kikuu cha Leiden nchini Uholanzi, ambao mwaka 1925 walipendekeza kwamba elektroni huzunguka kama pia ya watoto. Baadaye ilibainika kwamba mfano wa pia haufai, kwani elektroni haizunguki kwa maana hiyo. Jina lilikuwa limekwisha kuzoeleka, likabaki.

Katika shaba, elektroni zenye spini ya juu na zile zenye spini ya chini huwa sawa kwa idadi, hivyo hufutana. Katika chuma, kobalti na nikeli, upande mmoja huzidi mwingine. Ziada hiyo ndiyo usumaku. Mwanafunzi wa kidato cha pili aliyesoma nadharia ya vikoa, kwamba sumaku ni maeneo madogo yaliyoelekea upande mmoja, alikuwa akisoma habari za spini bila ya kutajiwa jina lake.

Taaluma inayotumia spini pamoja na chaji katika vifaa vya umeme huitwa spintroniki. Ilizaliwa hasa mwaka 1988, katika maabara mbili zilizokuwa zikifanya kazi mbalimbali bila ya kushauriana: ya Albert Fert huko Orsay, karibu na Paris, na ya Peter Grünberg huko Jülich, Ujerumani. Wote wawili walipanga matabaka membamba ya chuma na kromi, kila tabaka likiwa na unene wa nanomita chache. Nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Unywele mmoja wa mtu una upana wa makumi ya maelfu ya nanomita.

Walichogundua kinaweza kuelezwa kwa mfano wa malango. Fikiria korti moja mtaani Buruburu yenye malango mawili, moja nyuma ya jingine, na kila lango lina bawabu. Wageni ni wa aina mbili, wenye shati jekundu na wenye shati la buluu. Mabawabu wote wawili wakiwapendelea wenye shati jekundu, nusu ya wageni wataingia bila ya taabu. Lakini bawabu wa kwanza akipendelea wekundu na wa pili akapendelea wa buluu, kila mgeni atasumbuliwa kwenye lango moja au jingine, na msongamano utakuwa mkubwa.

Mabawabu hao ni matabaka mawili ya sumaku, na wageni ni elektroni zenye spini ya juu na ya chini. Matabaka yakielekezwa upande mmoja, mkondo wa umeme hupita kwa urahisi. Yakielekezwa pande zinazopingana, ukinzani huongezeka. Katika jaribio la kundi la Fert, lililofanywa kwenye baridi kali ya nyuzi 269 chini ya sufuri, ukinzani ulishuka hadi karibu nusu matabaka yalipogeuzwa kuelekea upande mmoja. Jaribio la Grünberg lilionyesha badiliko dogo, takriban asilimia moja na nusu, lakini katika joto la kawaida la chumbani. Hata hilo lilikuwa kubwa kuliko vipimo vilivyozoeleka, na Grünberg hakukawia kuomba hataza.

Maana yake kwa kompyuta ni hii. Diski kuu ina sahani inayozunguka maelfu ya mara kwa dakika, iliyopakwa utando wa aloi ya kobalti. Utando huo umegawanyika katika chembe nyingi mno, na makundi ya chembe hizo huelekezwa upande huu au ule kuwakilisha moja na sufuri. Juu ya sahani huelea kichwa cha kusomea, kwa umbali wa nanomita chache tu. Ndani ya kichwa mna mabawabu wawili. Mmoja amefungwa asigeuke. Wa pili yuko huru, na usumaku hafifu unaotoka kwenye sahani humgeuza. Anapogeuka, ukinzani hubadilika, na kompyuta husoma badiliko hilo.

Kampuni ya IBM, kwa juhudi za mtafiti wake Stuart Parkin ambaye alijaribu michanganyiko mingi ya metali kwa njia ya haraka isiyo ghali, ilitoa sokoni mwaka 1997 diski ya kwanza yenye kichwa cha aina hiyo. Ilikuwa na uwezo wa gigabaiti 16.8. Diski ya kwanza kabisa ya kampuni hiyo, ya mwaka 1956, ilikuwa na sahani 50, uzani wa takriban tani moja, na ilihifadhi megabaiti 5 tu, ambazo leo hazitoshi hata video fupi ya harusi. Siku hizi zipo diski za zaidi ya terabaiti 30. Tangu katikati ya miaka ya 2000, metali iliyotenganisha mabawabu hao wawili imebadilishwa na kihami chembamba ambacho elektroni hupenya kwa kanuni za kwantamu, lakini wazo la mabawabu ni lile lile.

Hapa ndipo hasara ya kwanza inapoonekana. Usumaku hauhitaji stima ili udumu. Kompyuta ya saiba huko Kayole inaweza kufa kwa sababu stima ilirudi kwa kishindo ikaunguza kisambaza umeme chake, lakini sahani zilizo ndani zinakumbuka kila kitu. Katika saiba, watu hupiga skani vitambulisho, hujaza fomu za mikopo ya masomo, hufungua akaunti za kodi na kuandika barua za kuomba kazi. Nakala hubaki. Kompyuta inapouzwa kama vyuma vikuukuu, nakala hizo huuzwa pamoja nayo.

Wapo wanaodhani kwamba kufuta faili kunatosha. Hakutoshi. Amri ya kufuta kwa kawaida huondoa jina la faili kwenye orodha tu, kama mtu aliyechana ukurasa wa yaliyomo katika kitabu akaacha sura zote mahali pake. Mtu mwenye programu ya kawaida ya kurejesha faili anaweza kuzisoma. Wapo pia wanaoweka sumaku ya spika juu ya kasha la diski. Hilo nalo ni bure: kila diski ina sumaku zake mbili zenye nguvu zaidi, zinazousukuma mkono wa kichwa, nazo hukaa milimita chache tu kutoka kwenye sahani kwa miaka bila ya kufuta chochote. Nyundo inayopasua kasha la nje inaweza kuziacha sahani zikiwa nzima.

Njia inayofaa ni kuandika upya diski nzima kwa programu maalumu kabla ya kuiuza, au kuzitoa sahani na kuziharibu zenyewe. Sahani ikishayeyushwa katika tanuri la Kariobangi na kuwa sufuria, hakuna wa kuisoma. Hatari iko katika safari ya kutoka saiba hadi tanuri, kwa sababu diski nzima inayofanya kazi ina bei nzuri kuliko alumini, na fundi mwerevu hawezi kuiyeyusha.

(Simu za mkononi ni jambo jingine. Kumbukumbu yake huhifadhi chaji ya umeme, si usumaku, kwa hivyo aliyeambiwa kwamba sumaku ya kibeti itafuta picha zake alidanganywa.)

Sheria ipo. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 humtaka yeyote anayekusanya habari za watu kuzilinda na kutozihifadhi kupita muda unaohitajika. Afisi ya Kamishna wa Kulinda Data inaweza kutoza faini ya hadi Sh5 milioni, au asilimia moja ya mapato ya mwaka ya shirika, kutegemea kilicho kidogo. Ila ni vigumu kuona jinsi sheria hiyo itakavyomfikia mwenye saiba ambaye hajaambiwa kwamba diski hukumbuka.

Hasara ya pili ni ya madini. Zile sumaku mbili zenye nguvu zimetengenezwa kwa chuma, boroni na neodimi, mojawapo ya yale yanayoitwa madini adimu. Sumaku za aina hiyo hiyo huendesha mota nyingi za pikipiki za umeme zinazozidi kuonekana Nairobi. Zile zinazotakiwa kustahimili joto huongezewa disprosi, ndugu wa neodimi katika jamii moja ya elementi. Sumaku hizo zikitiwa motoni hupoteza usumaku wake, na vipande vyake vikichanganyika na chuma kingine, madini hayo hayapatikani tena kwa urahisi.

Kwa mujibu wa ripoti ya Umoja wa Mataifa, dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, na ni asilimia 22.3 pekee iliyorekodiwa kuwa ilikusanywa na kuchakatwa ipasavyo. Kwa madini adimu hali ni mbaya zaidi: uchakataji wa taka hizo hutosheleza takriban asilimia moja tu ya mahitaji. Mnamo Aprili 2025, China, ambayo ndiyo mzalishaji mkuu, iliweka masharti juu ya uuzaji nje wa madini adimu saba, disprosi ikiwemo, na viwanda vya magari kote duniani vikaingiwa na wasiwasi. Kenya yenyewe ina madini ya jamii hiyo katika mlima wa Mrima, Kaunti ya Kwale, ambako leseni ya uchimbaji ilifutwa mwaka 2013 na mzozo wake ukafika hadi mahakama ya kimataifa ya usuluhishi. Hakuna shaka kwamba Mrima ni hazina kubwa kuliko jaa lolote. Lakini sumaku iliyokwisha kutengenezwa haihitaji kuchimbiwa mlima.

Wala si suala la mali tu. Jaa la Dandora, lililofunguliwa miaka ya 1970 na kutangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, bado hupokea taka za jiji. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira uliwapima watoto 328 wa eneo hilo, na nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu kupita kiwango kilichokubaliwa wakati huo. Nyaya zinapochomwa ili shaba itoke, na vibao vya kompyuta vinapopasuliwa kwa mikono mitupu, sumu huingia hewani na udongoni.

Zipo juhudi. Kituo cha WEEE, kilichoanzishwa mwaka 2012 huko Embakasi, hukusanya na kuvunja vifaa vya kielektroniki kwa utaratibu. Kanuni za mwaka 2024, zilizotokana na Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022, zinamtwika mwagizaji na mtengenezaji jukumu la bidhaa hadi inapokuwa taka. Lakini mzee mwenye mizani mtaani hulipa papo hapo, na yuko karibu. Mpango wowote usiokumbuka hilo utabaki kwenye karatasi.

Wakati diski za zamani zikiendelea kupasuliwa, sayansi iliyozizaa imepiga hatua nyingine. Mwaka 2006 kampuni ya Freescale ilianza kuuza chipu za kumbukumbu zilizojengwa kwa mabawabu wale wale, bila ya sahani wala kichwa. Kumbukumbu ya kawaida ya kompyuta husahau mara stima inapokatika. Chipu hizo hazisahau. Mkazi yeyote wa Nairobi aliyewahi kupoteza kazi ya asubuhi nzima kwa sababu ya stima hahitaji kuelezwa faida yake. Bei na ukubwa wake vimezizuia kuenea katika kompyuta za nyumbani, ingawa zinatumika viwandani na katika vyombo vya anga.

Hatua iliyo mbali zaidi ni sumaku ya molekuli. Chembe za sahani ya diski zina upana wa takriban nanomita 8. Zikipunguzwa kupita kiasi, joto la kawaida hutosha kuzigeuza ovyo, na kumbukumbu hupotea. Wanakemia waliuliza: je, molekuli moja, yenye upana wa nanomita moja hivi, inaweza kuwa sumaku peke yake?

Jibu lilitoka Italia mwaka 1993. Kundi la Dante Gatteschi na Roberta Sessoli, huko Florence, lilichunguza molekuli yenye atomu 12 za manganisi, ambayo ilikuwa imetengenezwa tangu mwaka 1980 bila ya yeyote kutambua siri yake. Atomu 8 kati ya hizo huelekeza spini zake upande mmoja, nyingine 4 upande wa pili, na tofauti inayobaki huifanya molekuli nzima kuwa sumaku moja. Ilipopozwa hadi nyuzi 271 chini ya sufuri, ilihifadhi mwelekeo wake kwa miezi. Ikipashwa moto kidogo tu, husahau.

Tangu hapo mashindano yamekuwa ya kupandisha joto. Manganisi iliachwa, ikachukuliwa disprosi, ambayo elektroni zake hushikilia mwelekeo kwa nguvu zaidi zikibanwa na atomu za kaboni kutoka juu na chini. Mwaka 2017 watafiti wa Manchester walifika kelvini 60. Mwaka 2018 kundi jingine, akiwemo Richard Layfield, lilifika kelvini 80, na hapo mpaka muhimu ukavukwa, kwa sababu kimiminika cha nitrojeni huchemka kwenye kelvini 77. Hiyo ni nitrojeni ile ile ambayo wataalamu wa mifugo wa Kenya hubebea mbegu za fahali zinazotayarishwa Kabete. Inapatikana, na si ghali kama heli. Mwaka 2025 molekuli nyingine ya disprosi ilionyesha kumbukumbu ya sumaku hadi kelvini 100, yaani nyuzi 173 chini ya sufuri.

Hiyo bado ni baridi isiyojulikana popote katika maumbile ya dunia hii, na kumbukumbu katika joto hilo ni ya muda mfupi. Anayeahidi diski ya molekuli katika maduka ya jijini hivi karibuni anauza ndoto.

Kazi ya namna hii haifanywi ng'ambo peke yake. Maabara za kupoza molekuli hadi viwango hivyo ni ghali, lakini tabia ya elektroni katika metali au molekuli inaweza pia kukokotolewa kwa milinganyo ya kwantamu, na programu za kufanya hivyo, kama ile ya Quantum ESPRESSO, hutolewa bure. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya, kilicho mwendo mfupi kutoka Muthurwa ambako matatu nyingi za Eastlands hushusha abiria, kina wanafizikia wanaofanya ukokotoaji wa aina hiyo. Watafiti wa Kenya wametumia kompyuta kubwa ya kituo cha CHPC mjini Cape Town, wakituma maswali na kupokea majibu kwa intaneti. Msururu wa mafunzo ya Afrika kuhusu mbinu hizo, unaojulikana kama ASESMA, ulianza Afrika Kusini mwaka 2010, na awamu yake ya pili ilifanyika Eldoret mwaka 2012. Mwanafunzi aliyehudhuria alihitaji kujua hisabati, lugha ya kuandikia programu, na kuwa na kompyuta inayofanya kazi, hata ikiwa ni ya mitumba.